Kalala Wapi?

Nilizaliwa Kitura, kwenye miteremko ya kahawa na ngoro, yale mashimo yetu ya kulimia, na kazi yangu yote nimeifanya nikipanda na kushuka kati ya milima ya Umatengo na Ziwa Nyasa. Nilikwenda kwa miguu, kwa pikipiki, na kwa Land Rover ya misheni ambayo masika tuliisukuma kuliko ilivyotubeba.

Cheo changu kilikuwa Daktari Msaidizi. Vijana hawakijui vizuri, kwa hiyo nieleze. Nchi ilipopata Uhuru ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu. Kuanzia 1963 serikali ikawa inawachukua matabibu waliokwisha kuiva kazini, inawaongezea masomo, wanarudi wilayani wakiwa wanaweza kumpasua mama aliyeshindwa kujifungua, kuunga mfupa na kutibu mtoto mwenye degedege, yote katika siku moja. Huko kote mkasi ulikuwa mikononi mwetu. Utafiti uliochapishwa 2009 kutoka mikoa ya Mwanza na Kigoma ulikuta kwamba upasuaji mwingi wa uzazi ulifanywa na watu wa cheo changu, na hali za mama na watoto hazikupishana sana na za waliopasuliwa na wenye digrii. Niliposoma nilifurahi kama mtu aliyelipwa deni la zamani.

Lakini kupasua hakukunifanya daktari. Walionifanya daktari ni wanawake wawili.

Wa kwanza alikuwa sista daktari, Mjerumani, mwembamba, mwenye Kiswahili cha kukatakata. Mwaka wangu wa kwanza, mwezi wa Julai, aliletwa kijana wa kwetu mlimani, ana homa na kikohozi. Julai Umatengo ni baridi ya kung'ata. Kadi yake ilionyesha kijiji cha juu kabisa, nami sikujiuliza mara mbili: kichomi. Nikaandika penisilini, nikaenda kula. Usiku wa pili akapoteza fahamu. Sista alikuja na taa ya chemli, hakumgusa mgonjwa kwanza, akamgeukia mama yake aliyekaa sakafuni: "Wiki mbili zilizopita, kalala wapi?" Mama akajibu kwamba mwanawe alikuwa ziwani, amefuata usipa wa kuuza.

Basi. Ziwa liko mita mia nne na sabini hivi juu ya usawa wa bahari, na sisi tunaishi huko juu, zaidi ya kilomita nzima, ambako baridi huwapunguza mbu. Mnyasa wa pwani ya ziwa aliyeumwa malaria tangu utotoni mwili wake umeizoea kidogo. Mmatengo hajaizoea, na akishuka siku kumi tu anaweza kurudi na ile inayopanda kichwani. Tulimtundikia dripu ya kwinini mpaka kukapambazuka. Alipona, ila sikio moja halikusikia tena. Nimekutana naye mara nyingi sokoni Mbinga, na kila mara huniamkia kwa heshima, "Shikamoo Dokta," akigeuza upande wa sikio zima. Heshima hiyo huniuma kuliko tusi.

Mwalimu wa pili alikuwa mkunga, Mmatengo mwenzangu, wodi nzima ikimwita Mama Mkubwa. Kuna mama mmoja aliyekuja kwangu mara tatu, moyo unamwenda mbio, usingizi hana. Nilipima damu, nikapima choo, nikampa vidonge vya minyoo na vya kuongeza damu. Mara ya nne Mama Mkubwa akanivuta kando. "Dokta, umemuuliza hela ya kahawa iko wapi?" Sikuwa nimeuliza. Mume alikuwa ameuza kahawa yote, akashuka ziwani, Mbamba Bay, na fedha, na mke amebaki na ngoro za kulima, watoto watano na mama mkwe mgonjwa. Mama Mkubwa aliita shemeji za yule mama, wakakaa chini ya mti nyuma ya maabara, wakazungumza mpaka jioni. Mimi nilikuwa nimekaa pale kama mwanafunzi, na ndivyo nilivyokuwa.

Miaka ikapita. Klorokwini ikashindwa kazi, dawa mseto ikaja 2006, nami nikawa mzee wa kufundisha. Kila kijana aliyeletwa kwangu kwa mazoezi nilimkataza kugusa kalamu kabla hajauliza mgonjwa kalala wapi na nyumbani kabaki nani.

Mmoja wao, binti hodari, alinipigia simu akiwa Dar es Salaam. "Baba, nakwenda kusomea udaktari wa familia, Aga Khan." Nikacheka. "Unakwenda kusomea kazi ya Mama Mkubwa?" Akajibu, "Ndiyo, baba. Mama Mkubwa hakuiandika."

Alinishinda. Mama Mkubwa alikuwa amekwisha kufa, na mengi aliyoyajua kaondoka nayo. Hata hivyo nina neno langu. Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Moi, Kenya, walipoanzisha masomo hayo 2005, waliwapeleka madaktari wao kujifunzia Webuye, hospitali ya wilaya, na hospitali za misheni kama Chogoria. Hapo waliona mbali. Fani hii haikamiliki kwenye jiji ambako mgonjwa hushuka kwenye teksi peke yake. Inataka mahali ambapo mama mkwe naye kaja na kikapu. Wakubwa wanaopanga mafunzo haya, leteni vijana huku. Wodi tunazo, na walimu tulio hai bado tupo.

Nawe kijana ukipangiwa Mbinga, njoo na sweta. Chandarua usikiache, kwa siku utakayoshuka ziwani.