Njugu za Rongo, Jemu ya Minnesota

Ukitaka kujua makomredi wa Chuo Kikuu cha Rongo wanaishije kabla pesa za mkopo wa HELB hazijaingia, pitia status zao za WhatsApp Jumapili jioni. Huyu anauza njugu za kukaanga, yule krispi za viazi vitamu, mwingine unga wa uji wa wimbi na mtama uliotiwa omena wa kusagwa. Bei imeandikwa, namba ya Pochi la Biashara imeandikwa, na muuzaji anakuletea hadi mlango wa hosteli. Ng'ambo ya pili, Homa Bay mjini, wenzao wa Chuo Kikuu cha Tom Mboya wanafanya yayo hayo. Mimi nazisoma status hizo nikiwa Minnesota, huku theluji ikinizuia kutoka.

Binti wa shangazi yangu ni mmoja wao. Njugu ananunua kwa gorogoro kutoka kwa akina mama wa Ndhiwa, anazimwaga juu ya shuka kitandani, maana meza hana, na kuzichambua moja moja: zilizosinyaa kando, zenye doa kando, zilizovunjika anabaki nazo za kula mwenyewe. Anazikaanga na chumvi kwenye sufuria pana nje ya mlango, anapeta maganda kwa ungo, halafu anapima kwa kikombe cha plastiki alichokikata mdomo ili ujazo uwe sawa kila mara. Pakiti ya shilingi 10 ni ya darasani, ya 20 ni ya vibanda vya nje ya geti. Anajua kwamba wiki ya mitihani njugu zinaisha kabla ya saa nne usiku, na kwamba wiki ya kufungua chuo kila mtu anataka kukopa. Hayo hakufundishwa na mhadhiri yeyote.

Mwaka jana alianza kusaga siagi ya njugu na kuijaza kwenye chupa za kioo. Akapeleka chupa mbili kwenye supamaketi moja mjini Migori. Mwenye duka akaonja, akasifu, akageuza chupa huku na huku. "Alama ya KEBS iko wapi?" Alitaka muhuri wa shirika la viwango. Mazungumzo yakaishia hapo. Akarudi na chupa zake Rongo, akaziuza hosteli.

Msomaji wa ughaibuni atakimbilia kusema, "Ona sasa, huku mambo ni rahisi." Si kweli, angalau si kwa namna tunayofikiri. Minnesota ina sheria ya chakula cha nyumbani tangu 2015. Inamruhusu mtu kuoka mkate na biskuti, au kupika jemu, kwenye jiko lake la kawaida na kuuza bila leseni ya kiwanda. Ilipoanza, mauzo hayakutakiwa kupita dola 18,000 kwa mwaka. Mwaka 2021 kiwango kikapandishwa hadi 78,000. Muuzaji anajiandikisha kwa idara ya kilimo ya jimbo na kupitia mafunzo ya usalama wa chakula. Katika soko la wakulima karibu na kwangu kuna msichana wa chuo anayeuza jemu kwenye meza ya kukunja. Kibandiko cha chupa zake kinataja viambato, tarehe ya kutengenezwa na kwamba bidhaa imetengenezwa nyumbani na haikaguliwi na jimbo. Imeandikwa waziwazi, na watu wananunua.

Lakini sheria hiyohiyo inamtaka auze moja kwa moja kwa mlaji. Angepeleka chupa zake supamaketi, naye angerudishwa vilevile. Tofauti yake na binti yetu ni kwamba yeye anajua amesimama wapi. Ameandikwa, ana namba, na akitaka kupanda anajua ngazi inayofuata: kukodi kwa saa jiko la pamoja lenye leseni, jambo la kawaida katika miji ya huku, kisha kuomba leseni kubwa. Binti yetu yuko ama chini kabisa, ambako hakuna anayemwona isipokuwa askari wa kaunti anayedai leseni ya biashara, ama juu kabisa, kwenye alama ya KEBS, ambako chumba cha kupanga chenye kitanda na jiko la makaa hakiwezi kukubalika kuwa kiwanda. KEBS ina utaratibu wa ada nafuu kwa wafanyabiashara wadogo, sikatai. Nafuu ya ada haimpi mtu chumba chenye maji ya bomba, sakafu inayosafishika na meza ya chuma.

Kuna upande mwingine ambao sisi wa huku huwa hatuusemi. Mimi nilikuja kwa viza ya mwanafunzi, ile ya F-1. Wakati wa masomo nilikuwa na ruhusa ya kufanya kazi ndani ya chuo, saa 20 kwa wiki, basi. Ningekaanga njugu na kuziuza kwenye bweni ningekuwa nahatarisha viza yenyewe. Ile jemu ni ya mwenyeji. Rongo, mgeni kutoka Turkana au Kwale anaanza kuuza mandazi wiki ya kwanza na hakuna anayemuuliza alikotoka.

Wenyeji wa huku pia wanaanza mapema. Chama cha wanafunzi wa kilimo cha FFA kiliundwa 1928, na mwanachama hutakiwa kuwa na mradi wake na daftari la mapato na matumizi. Kuna pia vilabu vya 4-H, ambavyo Kenya ilivichukua miaka ya 1960 ikavifanya 4-K: Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Vikafifia, vikafufuliwa na serikali mwaka 2021. Mimi nilifanya mradi wa kilimo wa KCSE, na sukuma wiki yangu ilistawi vizuri tu. Ilipokwisha kutazamwa na kupewa alama, ikaenda jikoni kwa shule. Sikumbuki mtu akiniuliza fungu moja lingeuzwa shilingi ngapi sokoni Oyugis.

Je, tuichukue sheria ya Minnesota jinsi ilivyo? Kwa mkate, labda. Kwa njugu, hapana, na hapa nitabishana na ndugu zangu wanaoamini kwamba KEBS ni kero tupu. Njugu zilizokaushwa vibaya huota ukungu unaotoa sumu ya aflatoksini, na sumu hiyo haiishi kwa kukaanga. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 huko Ukambani. Januari 2019 KEBS ilisimamisha chapa kadhaa za siagi ya njugu kwa sababu ya sumu hiyohiyo, zikiwemo za makampuni yenye viwanda na maabara. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Kenya ni mikrogramu 10 kwa kilo, na jicho la binti yetu, hata liwe kali vipi, halioni mikrogramu. Kuchambua kunapunguza hatari. Anayeweza kusema chupa ni salama ni mwenye kipimo.

Viazi vitamu havina kesi nzito hivyo. Kabondo na Kosele, kando ya barabara ya Kisumu kwenda Kisii, magunia ya lumbesa yanapakiwa kwenye malori yakiwa mabichi, na bei anapanga dalali kwa sababu kiazi kikishachimbwa hakikai. Aina za rangi ya chungwa kama Kabode na Vita zina vitamini A, na watafiti wa viazi hivyo, akiwemo Mganda Robert Mwanga, walipata Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016. Kiwanda cha Organi huko Homa Bay kilisaga rojo la viazi hivyo, supamaketi za Tuskys wakalitia kwenye mkate wao. Kisha Tuskys wenyewe wakaanguka. Mwanafunzi anayeuza krispi pakiti kwa pakiti hawezi kuangushwa na mteja mmoja, ila pia hawezi kununua gunia zima.

Sasa serikali kuu na kaunti zinajenga maeneo ya viwanda, shilingi milioni 500 kila kaunti. La Homa Bay liko Riwa, Karachuonyo. Sina neno nalo. Ninachouliza ni kama ndani yake kutakuwa na chumba ambacho komredi anaweza kukodi Jumamosi asubuhi kwa pesa za mauzo ya juma moja.

Katika kundi letu la ukoo nilipendekeza tuchange tupange chumba karibu na geti la Rongo: sinki, mashine ya kusagia, kipima unyevu, na mtu wa kupeleka sampuli maabara. Michango ya matanga hutimia kwa siku mbili. Hii imekwama. Mjomba wa Dallas anataka tununue ekari tano tujenge kiwanda kabisa. Shangazi anasema chumba ni sawa, lakini kwanza aambiwe nani atalipa tokeni za stima na nani atashika ufunguo chuo kikifungwa.