Eshapema ya baba

Likizo kubwa iliyopita nilirudi kwetu Likasi na daftari jipya. Nilikuwa nimepanga kukusanya msamiati wa mafundi wa magari kwa ajili ya kazi yangu ya mwisho wa masomo. Nikamkuta mama amelala mchana, kichwa kinamuuma na moyo unamchafuka. Alikuwa ametoka sokoni kwa Corolla yetu ya mwaka 1988, amekaa kiti cha nyuma, vioo vimefungwa kwa sababu ya vumbi.

Baba hakumuuliza mengi. Aliingia chini ya gari, akatoka na mkono mweusi. Bomba lilikuwa limeoza chini ya kiti kile kile, na sakafu nayo ina matundu. Moshi wa esansi una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayokaa ndani ya damu mahali pa oksijeni. Mama angeweza kusinzia njiani asiamke.

"Hii gari haitoki tena," baba akasema, "mpaka tutengeneze eshapema."

Daftarini mwangu niliandika "bomba la moshi", kama kamusi inavyotaka. Kwa baba, aliyefanya kazi ya kusude miaka 27 katika ateliye ya mgodi, bomba la moshi linaweza kuwa hata la jiko. Eshapema ni ya gari, basi.

Hilo kusude nalipenda. Limetoka Kifaransa na halikubali kuachia irabu yake: anasude, alisude, asude. Kitenzi chetu cha asili hugeuka mwisho, anapika, apike. Hiki kinakaa palepale, kama kusamehe kilichotoka Kiarabu. Niliandika ukurasa mzima juu yake siku ya kwanza, huku baba akipima chuma peke yake.

Jirani alitupa bure bomba la maji, lile jeupe lililopakwa zinki. Baba alilikataa: ukilisude, moshi wake unakupa homa usiku. Tukanunua bomba jeusi. Kazi ngumu ilikuwa kulipitisha juu ya ekseli ya nyuma, maana hatuna mashine ya kupindia. Unaziba upande mmoja kwa kipande cha mti, unajaza mchanga, unagongagonga mpaka ushikamane, unaziba upande wa pili, kisha unalipasha moto mahali pa kona. Mbabula yetu ilikuwa ndogo, tukachimba shimo uani na kulijaza makala.

"Mchanga umekauka?" baba aliuliza.

Nilikuwa naandika. Nikasema ndiyo. Nilikuwa nimeuchota karibu na robine.

Maji yakawa mvuke. Kizibo kiliruka, kikapita karibu na sikio la baba na kugonga ukuta wa jikoni. Hakusema neno. Alikuja, akanitoa daftari mkononi, akaliweka juu ya dirisha. "Kuya ushike hapa."

Nikashika. Mchanga wa pili niliukaanga mwenyewe katika karai hadi ukaacha kutoa moshi. Tulipoanza kuvuta, chuma kikiwa chekundu, nilivuta kwa pupa. "Usikunje! Pinda!" Nilikuwa nimeyaandika maneno hayo mawili kwa maana moja. Lakini bomba lililokunjwa linabana moshi, na lililopindwa linaupitisha. Tofauti hiyo niliisikia viganjani kabla ya kuielewa, chuma kilipoanza kulegea upande wa ndani. Nikapunguza nguvu. Kona ikatoka mviringo, na makunyanzi kidogo tu ambayo baba alijifanya hayaoni.

Chombo cha kuzuia kelele alikitengeneza kwa kizimamoto cha zamani kilichokwisha kuwa kitupu: ndani bomba lililotobolewa matundu mengi, na kati ya viwili hivyo nyuzi za chuma za kusugulia sufuria. Mwisho tukaitundika eshapema kwa mipira iliyokatwa kwenye gurudumu bovu, kwa sababu injini hutikisika, na bomba lililofungwa kwa nguvu hupasuka.

Siku ya tatu tukawasha uani. Baba alipaka maji ya sabuni kwenye kila mshono, nami nikaziba mdomo wa bomba kwa tambara, kidogo tu. Mahali panapovuja hutoa povu, lakini pia hupiga mluzi mwembamba, na mluzi huo baba hausikii tena. Ateliye imebaki na masikio yake. Kwa hiyo yeye aliangalia, mimi nilisikiliza. Nilipata tundu moja, chini ya kizimamoto, ambalo povu lake lilikuwa bado halijaonekana. Akalisude.

Jioni mama aliketi nyuma, vioo wazi. Baba akageuza ufunguo, akangoja. Kisha akanigeukia mimi niliyesimama mlangoni.

"Imeisha kuwaka?"

Nikachukua mkono wake, nikauweka juu ya boneti.