Mashine ya Baba

Najua nimepotea. Kuna mtu alinisimamisha kwenye foleni ya chakula akaniuliza kama nimedisco. Hapana jamani, bado nipo Mlimani, mwaka wa tatu umeme, nina sapu moja tu ya hesabu ambayo leo hatuizungumzii. Leo nataka niwape kisa cha nyumbani, maana kimenikalia kichwani tangu Krismasi na sijakiandika popote.

Wanaonijua wanajua kwetu ni Myamba, Same, huko Upareni milimani kwenye tangawizi. Baba ni mwalimu mstaafu. Miaka miwili iliyopita moyo wake ulianza kuchoka: miguu inavimba, akipanda kilima anasimama kila baada ya hatua kumi, anasingizia anaangalia shamba la jirani. Usiku ndiyo balaa. Anapumua kwa nguvu, halafu polepole, halafu kimya. Kimyaaa. Unahesabu sekunde: kumi, ishirini, ishirini na tano. Halafu anavuta pumzi kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Mama alizoea kumgusa bega. Mimi sikuzoea.

Shangazi yetu yuko Leicester, Uingereza, anahudumia wazee. Alipokuja likizo akalala chumba cha pili, asubuhi akasema, "Kaka haumwi kukoroma, kaka pumzi inakatika." Akatutumia mashine ya kupumulia iliyotumika, ile ya kawaida: ina bomba na barakoa ya puani, inasukuma hewa kwa mgandamizo uleule usiku kucha. Baba akaivaa, wajukuu wakamwita rubani.

Sasa basi. Mashine hizi zinaandika kumbukumbu. Krismasi nilipoenda nikaifungua kwenye kioo chake kidogo: pumzi inakatika mara 22 kwa saa, na nyingi imeziandika kwamba njia ya hewa ilikuwa wazi. Maana yake koo halijaziba, isipokuwa ubongo wenyewe hautoi amri ya kuvuta. Nikamtumia Shangazi picha. Baada ya siku tatu akaja na jibu: mashine hiyo ni ya waliozibwa koo, kaka anahitaji ya kisasa zaidi, inaitwa ASV. Hiyo inamfuata mgonjwa pumzi kwa pumzi. Akipunguza, inaongeza, akizidisha, inapunguza, akisahau kabisa, inampumulia. Amepata moja iliyotumika kwa bei nzuri, na usafiri ni kama milioni tano.

Milioni tano! Kikao cha familia kikaitishwa kwenye simu. Kaka akasema atauza ng'ombe. Mama akatoa hela ya tangawizi. Mimi nikaahidi kipande cha bumu. Halafu Baba mdogo akasema, "Huyu anasoma mambo ya mashine chuoni, yeye aangalie kama inafaa." Nikajisikia mtu mkubwa. Wadau, sikujua ninapokea nini.

Kwanza ilibidi nielewe ugonjwa. Niwaeleze kama nilivyomweleza Mama. Kwetu kuna ndiva, bwawa la kukusanya maji usiku. Asubuhi linafunguliwa, maji yanashuka na mfereji hadi mashambani. Aliye juu bwawani haoni shamba, anasubiri taarifa. Taarifa ikichelewa, anaendelea kumwaga hata shamba likiwa limefurika. Akiambiwa afunge, anafunga kabisa, na hapo pia anachelewa kujua kwamba mfereji umekauka. Basi shamba linafurika, linakauka, linafurika. Ubongo ndiye huyo wa bwawani. Taarifa ni hewa chafu ya kaboni iliyomo kwenye damu. Moyo ukiwa dhaifu damu inatembea polepole, taarifa inafika imechelewa. Mama akasema, "Kumbe tatizo ni mfereji." Ndiyo Mama, hapo hapo.

Jambo lenyewe si jipya. Daktari John Cheyne aliliandika mwaka 1818, William Stokes akalirudia 1854, na mpaka leo upumuaji huo unaitwa kwa majina yao. Hata watu wazima wenye moyo imara linawapata wakilala juu sana Kilimanjaro, ingawa huko sababu ni hewa nyembamba.

Nikaendelea kusoma nikiwa na uhakika kwamba naenda kuandika "inafaa, tumeni". Ndipo nikakutana na utafiti wa SERVE-HF wa mwaka 2015. Waliwachukua wagonjwa 1,325, wote moyo dhaifu, wote pumzi inakatika kama Baba. Nusu wakapewa ASV, nusu matibabu ya kawaida. Mashine ilifanya kazi vizuri kabisa, pumzi zikanyooka. Lakini waliokufa kwa ugonjwa wa moyo kwenye kundi la mashine walikuwa karibu 30 kwa kila 100. Kwenye kundi lisilo na mashine, 24. Nikasoma mara tatu nikidhani nimegeuza makundi. Sikugeuza. ResMed, kampuni iliyotengeneza mashine hizo, ndiyo yenyewe ilitoa tahadhari Mei mwaka huo kwamba wenye moyo unaosukuma asilimia 45 au pungufu wasipewe kwa ugonjwa huu.

Nikakumbuka karatasi ya eko ya Baba kutoka Moshi. Imekaa kwenye droo chini ya Biblia. Nikampigia Mama anisomee. Asilimia 30.

Siku hiyo sikwenda kipindi cha Yombo. Nilikaa kitandani nikiwaza kwamba tulikuwa tunauza ng'ombe ili tununue kitu hicho.

Nisiwadanganye, habari haikuishia hapo. Kuna utafiti mwingine, ADVENT-HF, ulitumia mashine ya Philips yenye mpangilio tofauti, watu 731. Huo haukuona madhara, na waliotumia walilala vizuri zaidi, ila haukuonyesha kwamba wanaishi zaidi. Tena ulikatishwa kabla ya wakati, kwa sababu mwaka 2021 Philips waliziita mashine zao nyingi zirudishwe, sponji ya ndani ilikuwa inamomonyoka. (Nilikagua ya Baba, haimo kwenye orodha.) Kwa hiyo ukitaka kubishana, pande zote mbili una nondo. Lakini mtu wa asilimia 30, Myamba, mashine ya mkononi, hakuna wa kumsomea kumbukumbu kila mwezi, na umeme ukikatika inazima? Mimi nilishindwa kusema ndiyo.

Nikampigia daktari wake wa moyo. Hakunicheka. Akasema, "Usitume. Kwanza niambie, dawa anakunywa?" Nikasema anakunywa. Akasema, "Muulize mama yako."

Nikamuuliza. Kimya, halafu Mama akasema ya kupunguza maji anakunywa miguu ikivimba. Zile nyingine aliacha Oktoba. Kuzipata mpaka ashuke Same, nauli na dawa ni hela ya watoto, na yeye anaona hazimsaidii kitu. Miezi miwili na nusu! Na sisi tulikuwa kwenye simu tunachangia milioni tano.

Kumwambia Shangazi ndiyo ilikuwa kazi. "Shikamoo Shangazi." "Marahaba mwanangu, nilipie?" Nikamweleza. Akakaa kimya, akasema, "Mimi huku nawaona wanaitumia." Nikamwambia najua, ila hao mioyo yao si kama ya Baba. Akakata simu. Kesho yake akaandika neno moja: "Nimesoma." Sikuuliza kama alilia. Mtu yuko mbali, kitu pekee anachoweza kutuma ni kifaa, na wewe unamwambia asitume.

Baba mwenyewe alikuwa na swali moja. "Hao waliokufa, kabla ya hapo walikuwa wanajisikia nafuu?" Nikamwambia, kwa wastani hawakujisikia tofauti sana. Akasema, "Basi niachieni urubani wa ndege hii ya zamani." Daktari alikubali aendelee nayo kama analala vizuri. Kuna utafiti wa 2005 wa mashine kama yake, haukuonyesha kwamba inarefusha maisha, na hilo tulimwambia pia. Ni mwalimu, hapendi kufichwa majibu.

Ng'ombe yupo zizini. Hela ya Shangazi inanunua dawa za miezi mitatu mitatu, na binamu anayeendesha bodaboda anazileta. Mwezi uliopita Mama alinisomea kioo: mara 14 kwa saa. Hazijaisha. Siwezi kuwaambia amepona, hajapona. Pasaka nililala chumba cha pili na bado nilihesabu sekunde gizani. Nilifika kumi na nane.

Haya wadau, desa linaniita, UE ni wiki mbili zijazo. Ukienda nyumbani likizo, kabla hujamshauri mzee wako chochote, mwombe akuonyeshe kifuko chake cha dawa. Hesabu vidonge. Mimi nilianzia kwenye mashine, nikachelewa.