Intakula ya Laki Tisa

Mafundi wa Dar hawana muda wa kutamka intercooler. Wanasema intakula, na kaka yangu, ambaye hawezi kuacha neno lipite bila kulichezea, anasema jina lenyewe ni onyo: itakula. Itakula hela, itakula Jumamosi zako, na usipoangalia itakula na injini. Tulikuwa na laki tisa. Tano zake, nne zangu, nilizodunduliza kwenye posho ya kusimamia semina za mwaka wa kwanza pale Mlimani.

Gari ni Subaru Forester SG5 ya lita mbili, yenye turbo. Kaka aliinunua ikiwa imekufa injini, akaiweka nyuma ya gereji yake Tabata, akawa anaifufua usiku wateja wakishaondoka. Mimi nasoma shahada ya uzamili ya uhandisi wa mitambo, kwa hiyo ndani ya familia inaaminika kwamba najua kutengeneza magari. Sijui. Najua hesabu za joto. Anayejua magari ni yeye.

Sasa hesabu zenyewe. Turbo ni pampu inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuishindilia injini hewa. Hewa ukiishindilia inapata moto, kama pampu ya baiskeli inavyochoma kiganja. Chukua mchana wa Dar, nyuzi 32. Ongeza mgandamizo wa kilopaskali 70 juu ya ule wa kawaida, kwa turbo yenye ufanisi wa asilimia 70. Hewa inatoka ikiwa na nyuzi kama 103. Ikipita kwenye intakula inayoondoa asilimia 70 ya joto lililoongezeka, inaingia kwenye injini ikiwa na nyuzi 53 hivi. Ni hewa ileile, ila sasa nzito zaidi kwa asilimia 15. Hiyo ndiyo nguvu ambayo watu wanaitafuta. Mimi naogopa upande wa pili: hewa ya moto inafanya petroli ilipuke kabla ya wakati wake, injini inagonga, na pistoni za Subaru hazivumilii kugongwa muda mrefu. Kuta nyembamba zinazoshika ringi zinavunjika.

Kiwandani Forester ilipewa intakula juu ya injini, chini ya lile tundu la kwenye boneti. Ni ndogo, na imekaa juu ya chanzo cha joto. Kaka alitaka ya mbele, nyuma ya bampa. Tuliiona Gerezani, mpya kutoka China, na mabomba yake yote, laki sita na nusu. Inang'aa. Muuzaji aliipigapiga kwa kofi kama anauza tikiti maji.

Kaka hakuwa anaota. Ya mbele inapata upepo kwanza, na kwenye foleni ya Buguruni haipikwi na injini kama ile ya juu. Kwa joto peke yake, inashinda, wala sikubisha. Halafu alikuwa na sababu nyingine ambayo haimo kwenye vitabu vyangu. Hii gari ilikuwa iwe tangazo lake. Mteja akija, aone aluminiamu imejaa mdomoni mwa gari, ajue hapa kuna fundi. Ya juu inafichwa na boneti. Nani atafungua boneti kukusifu?

Na huyu ndiye aliyelipa ada yangu ya kidato cha tano na sita kwa kubadilisha bushi za daladala. Kumwambia hapana, tena kwa kalamu, si jambo dogo. Nilizunguka nalo wiki nzima.

Mwishowe nilimwandikia gharama ambazo muuzaji hakuzitaja. Bampa likatwe, na chuma cha nyuma yake, ambacho kipo kwa ajili ya siku ya kugongana. Rejeta na kipoza hewa cha AC vitavuta upepo uliokwisha kupashwa moto, katika jiji hili. Njia ya hewa inakuwa ndefu, na kila kiungo kina mpira na klipu mbili. Subaru hii inapima hewa kabla ya turbo. Mpira mmoja ukiachia baada ya hapo, kompyuta inaendelea kumwaga petroli kwa ajili ya hewa iliyokwisha kutoroka, na tangazo la kaka linapita Barabara ya Mandela likitoa moshi mweusi. Klipu za bei ya chini zinazokuja kwenye maboksi hayo tulishaziona sote.

Alisoma. Akauliza, "Kwa hiyo Injinia unasemaje?"

Nilisema tutafute intakula ya mtumba ya Impreza WRX STI. Nayo inakaa juu, ila ni kubwa kuliko yetu, na mabadiliko ni machache: mpira wa kutoka kwenye turbo, na kukata bamba la chini ya boneti linaloelekeza upepo.

Hapo ndipo zamu yangu iliishia, yake ikaanza. Tulipata tatu. Ya kwanza aliiweka puani, akairudisha. Ilikuwa imejaa oili ya turbo iliyokufa, na turbo ikifa kwa kuvunjika feni, vipande vinalala ndani ya intakula vikisubiri injini mpya. Nikapendekeza sumaku. Akacheka: feni ile ni aluminiamu, sumaku itashika nini? Ya pili ilikuwa na vichwa vya plastiki, hakutaka hata kuishika. Ya tatu, laki nne kamili, alimimina petroli ndani, akaitikisa, akaichuja kwenye kitambaa cheupe. Kitambaa kilitoka na vumbi tu. Tukaziba mdomo mmoja, tukajaza upepo, tukaizamisha kwenye pipa la maji. Hakuna povu.

Mipira ya silikoni na klipu nzuri zimekula laki na nusu. Imebaki laki tatu na nusu, na tumeanza kubishana upya. Mimi nataka tulipie mtu wa kuipanga upya kompyuta ya injini, pamoja na kipima joto cha waya kitakachokaa baada ya intakula, maana sensa ya kiwandani ipo kabla ya turbo na namba inayoonyesha kwenye simu ni ya hewa ambayo haijashindiliwa bado. Kaka anataka rangi. Anasema tukinyoosha boneti na kupaka tundu lake jeusi, watu watauliza kuna nini chini yake, na yeye atawafungulia.

Jumamosi tunakata bamba. Nimemwambia asishike grenda kabla sijafika.