Kigoma hadi Bujumbura: Ni Mbali Kiasi Gani?

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea tunawapeleka safari kwa rula na ramani tu. Watoto darasani wanatuuliza kila mara: "Mwalimu, Burundi ni mbali?" Basi tukapima nao kutoka kiwanja cha ndege cha Kigoma mpaka cha Bujumbura.

Kwenye ramani, mstari ulionyooka kati ya viwanja hivi ni kama kilomita 180. Ndege ndogo inayokwenda kilomita 300 kwa saa inaumaliza kwa dakika 36. Ongeza kupaa na kutua, tuseme dakika 45. Ziwa Tanganyika linakuwa kushoto, milima kulia, na ng'ambo ya ziwa ni Kongo.

Hapo tukawapa fumbo. Ndege ikiondoka Kigoma saa 4:00 asubuhi, itatua Bujumbura saa ngapi? Wote wakajibu: saa 4:45. Kumbe sivyo! Saa ya Burundi iko nyuma ya saa ya Tanzania kwa saa moja, kwa hiyo kule itakuwa saa 3:45. Yaani unafika kabla hujaondoka! Watoto walicheka sana, lakini na sisi wakubwa jambo hili linatuhusu. Ukipanga na ndugu akupokee mpakani au akupigie simu, muulize kwanza: saa ya huko au ya huku? Kongo, upande wa Kivu, wanatumia saa moja na Burundi.

Sasa tushuke barabarani. Toka Kigoma hadi Manyovu ni kama kilomita 60. Unavuka mpaka, unapita Mugina, unateremka Nyanza-Lac, halafu unafuata ziwa kupitia Rumonge mpaka Bujumbura. Jumla ni zaidi ya kilomita 200. Mpakani kuna foleni, mizigo na karatasi. Ukitoka alfajiri, hesabu siku nzima. Na kwa sisi wa kambini, kabla ya yote hayo kuna kibali cha kutoka.

Wengi wetu tuliijua njia ya tatu. Mwaka 2015 maelfu walikusanyika Kagunga, kijiji cha ufukweni karibu na mpaka, wakilala nje na watoto, kipindupindu kikiwafuata. Meli ya Liemba ndiyo iliyowaleta Kigoma, kundi baada ya kundi. Wengine walingoja siku nyingi kwa safari ambayo ndege ingeimaliza kwa dakika chache.

Ndiyo maana mtoto akiuliza kama ni mbali, kilomita peke yake hazimjibu. Watoto wengi wamezaliwa hapa kambini. Kwao Burundi ni kama nchi ya hadithi, wakati ipo jirani, ndege haifikishi hata saa moja.

Wazazi wapendwa, kurudi au kutorudi ni uamuzi wa kila familia, hatuwaamulii. Tunaomba kitu kimoja tu. Jioni mkikaa na watoto, watajieni majina ya njiani kwa mpangilio: Manyovu, Mugina, Nyanza-Lac, Rumonge, mpaka mlangoni kwa bibi. Wa Fizi, Baraka na Uvira nanyi fanyeni hivyo hivyo kwa njia zenu. Sisi tunafundisha rula na saa. Jina la kijiji, la mto na la jirani aliyebaki, hayo mnayo ninyi.