Metikali ya Mkimbizi

Kwenye sarafu ya dhahabu ya Kaisari Honorius, aliyetawala nusu ya magharibi ya dola ya Roma tangu 395 hadi 423, kila kitu ni chake. Kichwa ni chake, jina ni lake, na upande wa pili ni yeye tena, amesimama na bendera huku mguu wake umemkanyaga mateka. Ukiitazama hutajua kwamba ni katika enzi yake, mwaka 410, Roma yenyewe ilivamiwa na kuporwa.

Mwaka 1992, katika kijiji cha Hoxne huko Uingereza, zilifukuliwa sarafu za Kirumi za dhahabu 569, pamoja na za fedha zaidi ya 14,000. Mtu alizitia ndani ya sanduku la mbao, na vijiko, na mapambo ya mwilini, akazifukia. Utawala wa Roma ulikuwa unakiacha kisiwa kile, na huenda alidhani ni jambo la miezi. Hakurudi. Makaisari tunawasoma majina, sarafu baada ya sarafu. Mwenye mali hatumjui. Ipo bangili moja iliyoandikwa jina la mwanamke, Juliane.

Namfikiria Juliane kila ninapoifikiria Diaca.

Diaca iko wilaya ya Mocímboa da Praia, mkoa wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, kwenye barabara inayotoka pwani, ikapita Awasse, ikapanda kwenda Mueda. Vita vilianza pwani tarehe 5 Oktoba 2017. Agosti 2020 mji wa Mocímboa da Praia ukatekwa, ukakaa mikononi mwa waasi mwaka mzima, hadi majeshi ya Msumbiji na Rwanda yalipoukomboa Agosti 2021. Katika miaka hiyo vijiji vilichomwa, na watu wakatawanyika: Mueda, Montepuez, Pemba, wengine wakavuka mto Ruvuma. Katika Cabo Delgado nzima waliohama makwao walifika milioni moja.

Anayekimbia usiku humchukua mtoto kwanza. Kisha mkono hushika kilicho karibu, na mara nyingi si kile ambacho angekichagua mchana. Sufuria. Kanga. Pesa za korosho, kama hazikuwa zimefichwa mahali pa mbali mno. Zilizofichwa hubaki, na nyumba ikiungua huwa majivu, kwa kuwa noti si dhahabu, haingoji miaka 1,600 ardhini.

Na pesa hiyo, metikali, ina nasaba ndefu. Kaisari Konstantino, mwanzoni mwa karne ya 4, aliamuru ratili moja ya dhahabu itoe sarafu 72, kila moja karibu gramu 4.5; za Honorius zilifuata kipimo hicho hicho. Mwaka 77 Hijria, yaani 696 au 697, khalifa Abdul Malik bin Marwan aliondoa sura za watu kwenye dinari iliyotokana nayo, akaweka maneno ya dini, na uzito ukawa gramu 4.25: mithkali moja. Kwa mithkali ndivyo dhahabu ilivyopimwa Sofala, ikapakiwa majahazini na kupitishwa mbele ya pwani hii ya Wamwani kwenda Kilwa. Tarehe 16 Juni 1980 Msumbiji huru ikaiacha eskudo ya Wareno na kuiita fedha yake metikali. Siku hiyo ilikuwa imetimia miaka 20 tangu Wareno wawapige risasi wananchi waliokusanyika Mueda.

Kilwa nako dhahabu haikumkumbuka mtu. Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyejenga Husuni Kubwa na ambaye Ibn Battuta alimsifu kwa ukarimu alipofika mwaka 1331, alipiga sarafu za shaba ambazo zingali zinaokotwa. Za dhahabu zilizochapishwa na wataalamu ni tatu. Dhahabu huyeyushwa, hiyo ndiyo ajali yake. Ile ambayo Vasco da Gama aliitoza Kilwa mwaka 1502 iliyeyushwa Lisbon, na kufikia 1506 ikawa chombo cha ibada kwa amri ya Mfalme Manuel. Chombo kingalipo katika jumba la makumbusho la mji huo, kizuri kweli, na kinaitwa kwa jina la Belém. Aliyechimba dhahabu ile barani, aliyeibeba hadi Sofala, na mwanamke wa Kilwa aliyeivua shingoni, kama yupo, hawamo.

Hilo ndilo linaloniuma kuhusu Diaca. Vita vya huku vimeandikwa: tarehe ya mji kutekwa, tarehe ya kukombolewa, majeshi yaliyoingia, thamani ya gesi ya Palma. Majina ya waliofia porini wakielekea Mueda hayajakaa mahali pamoja. Mabibi wanayajua. Wanayataja kwa Kimakonde, kwa Kimwani, na kwa Kiswahili ambacho wazee wengi walikileta kutoka mashamba ya mkonge ya Tanganyika. Wamo waliokwisha kurudi na kuezeka upya. Wengine wamefia ugenini, na orodha yao wamekwenda nayo. Daftari la shule linatosha kwa kazi hii, pamoja na kijana mwenye mwandiko unaosomeka na subira ya kukaa na bibi hadi amalize: jina, jina la baba, kijiji, mwaka, na alipozikwa ikiwa alizikwa.