Uji wa Saa Nne

Katika shule nyingi za msingi za Kampala, saa nne za asubuhi ni saa ya uji. Saa hiyo hiyo ndiyo ipendwayo na wenye kuitisha mikutano ya wazazi. Mwanamke auzaye nyanya sokoni Kalerwe, aliyetoka nyumbani Bwaise kabla ya alfajiri ili ayawahi malori, hawezi saa hiyo kuliacha genge lake. Basi mkutano hufanyika bila yeye, na fedha za uji hupangwa bila yeye.

Mama mmoja wa namna hiyo alizipata habari kinywani mwa mwanawe. Mtoto alieleza kwamba wenzake walipopanga mstari na vikombe vyao, yeye aliambiwa akae kando mpaka mama yake atakapolipa. Mama hakusema neno. Usiku ule aliikuta barua ya mkutano imekunjwa ndani ya daftari. Ilikuwa ya Kiingereza, naye shule aliiacha darasa la nne.

Elimu ya msingi bila ada ilianza Uganda mwaka 1997, kwanza kwa watoto wanne wa kila familia, halafu mlango ukafunguliwa kwa wote. Serikali ilichukua mzigo wa masomo. Sufuria ikabaki kwa mzazi. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 inasema chakula na mavazi ni wajibu wa mzazi. Inasema pia kwamba mchango ni wa hiari, na mtoto asinyimwe masomo kwa kukosa kuutoa. Baina ya maneno hayo mawili ndipo kamati za shule huhangaika, na si haki kuzilaumu upesi, maana mwenye duka la unga hajui hiari.

Mama alikwenda kwanza kwa mwenyekiti wa baraza la mtaa. Mzee huyo alimsikiliza, akamwambia kwamba sufuria ya shule haimo katika mamlaka yake, ila mzazi hazuiwi kusema mkutanoni. Muhula uliofuata mama alimwachia jirani nyanya zake, akaenda.

“Ssebo Mwenyekiti,” alisema kwa Kiganda, “sikuja kukataa kulipa. Mimi napata fedha kwa siku. Kwa nini nadaiwa za muhula mzima kwa mara moja? Na mtoto wangu ana kosa gani hata awekwe kuwatazama wenzake wakinywa?”

Mtunza fedha alijibu, wala hakujibu kwa ubaya: nani atakayeandika vijisenti vya kila siku vya mamia ya watoto? Baba mmoja, dereva wa bodaboda, akasema hata yeye hulipwa kwa siku, na daftari si mlima. Wakabishana hadi kengele ya chakula cha mchana. Mwishowe mikono ilinyoshwa: wazazi walipe kwa wiki, daftari lishikwe na mzazi kwa zamu, barua ziandikwe kwa Kiganda pia, na mkutano ujao uwe Jumapili saa tisa.

Swali la mtoto ambaye mzazi wake hakulipa kabisa, kwamba atakunywa au hatakunywa, liliahirishwa hadi Jumapili hiyo.

Mama alifika Kalerwe saa nane. Nyanya zilizoiva sana jirani alikuwa amekwisha kuziuza kwa bei ya hasara. Alizipanga zilizosalia, akamwomba jirani amshikie genge na Jumapili vilevile.